Sampuli ya Nguzo ya Saba

Kila siku shule ilipofungwa, Chiriku alipita nyuma ya ghala la saruji, akavuka barabara ya malori, akaingia katika maabara alikofanya kazi mama yake. Jina lake halisi lilikaa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, yupo darasa la sita, na angeweza kusimulia safari ya kutoka shuleni hadi maabara kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na harufu ya grisi na vumbi lililolowa. Kazi ya pale ilikuwa kupima mawe. Nje kidogo ya mji kulikuwa na machimbo, lakini hayakuwa shimo la wazi. Mawe yalichimbwa chini ya kilima. Wachimbaji walikata vyumba vikubwa ndani ya mwamba, na kati ya chumba na chumba wakaacha nguzo nene za mwamba wenyewe zishike paa. Kila nguzo ilitobolewa kwa keekee ndefu, kikatoka kipande cha mviringo kama mchi mfupi. Mama alikikata kipande hicho, akasawazisha ncha zake, akakiandika namba ya nguzo, kisha akakiweka kwenye mashine ya kukandamiza. Mashine ilikibana taratibu mpaka kipasuke. Uzito uliokipasua ndio uliowaambia watu wa machimbo kama nguzo ile ni ya kuaminiwa. Wafanyakazi waliiita mashine hiyo Bi Mkubwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kubishana nayo akashinda.

Mama alipima nguzo, na baba alifanya kazi chini ya nguzo hizo hizo. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi cha watu sita kilichokata mwamba huko chini. Chiriku hakuwahi kuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Ndivyo walivyoishi tangu alipopata akili.

Masharti ya maabara yalikuwa mawili: akae kwenye benchi karibu na mlango, na asiguse chochote kilichopo mezani.

Alhamisi ile Mhandisi wa machimbo, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, alikuwa amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Machimbo yalitaka kupunguza unene wa nguzo za chumba cha tatu ili kupata mawe zaidi, na karatasi ya majibu ilihitajika kabla ofisi haijafungwa. Nguzo kumi zilikwisha pimwa. Ilibaki ya saba. Chiriku alimsikia mama akieleza kwenye simu kwamba nguzo ya saba imempa taabu, maana vipande vyote vilivunjikia ndani ya keekee, na kilichotoka kizima ni kimoja tu. Kisha mama akaenda ofisi ya pili kuchukua fomu.

Kipande hicho kilisimama peke yake juu ya meza, kimeandikwa namba saba kwa kalamu nene. Chiriku alikitazama kutoka kwenye benchi. Mawe mengine aliyoyaona pale yalikuwa na mistari iliyolala, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Hili mistari yake ilikuwa imeinama, myeusi na ya kijivu, kama mvua inayosukumwa na upepo. Akainuka ili aone vizuri. Akalishika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, tena lina maji ya msumeno. Likamponyoka.

Halikutoa kishindo kikubwa. Liligonga sakafu mara moja, likaachana vipande viwili, likifuata mstari mmoja mweusi uliokwenda mshazari kutoka juu hadi chini. Alipoviokota aliona kwamba nyuso za ndani hazikuwa na mikwaruzo. Zilikuwa laini, zinateleza kama sabuni.

Alifikiria kumwita mama. Alifikiria pia Mhandisi na simu zake tatu, na lile neno la mama, kimoja tu. Rafu ya vipande vya akiba ilikuwa mbele ya macho yake. Akachukua kimoja cha nguzo ya nne, akafuta namba kwa kitambaa chenye spiriti, akaandika saba, akikumbuka kuikata kwa kistari katikati kama mama alivyozoea. Yale mapande mawili akayatia katika mkoba, kati ya daftari la hesabu na la sayansi. Mama aliporudi, Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono chini ya mapaja.

Mama hakulitazama jiwe kwa muda mrefu. Aliliweka kwenye mashine, akafunga kioo cha kinga, akawasha. Sindano ikapanda. Tani kumi. Tani kumi na tano. Ilipovuka kumi na nane jiwe lilipasuka kwa mlio kama wa mlango uliobamizwa.

Mama akakunja uso kidogo, akasema hata yeye hakutegemea nguzo ile iwe na nguvu kiasi hicho. Kisha akaandika kumi na nane, akatia sahihi.

Njiani kurudi nyumbani mama aliuliza kama anaumwa. Chiriku akasema kichwa. Mama akamgusa paji la uso, akaona halina moto, akasema pengine ni jua.

Ijumaa baba alirudi na habari mezani. Majibu yametoka, nguzo zote kumi na moja zimefaulu, Jumatatu wataanza kuzipunguza. Kikundi chake kimepewa nguzo ya saba. Alisema hivyo huku akijimiminia maji, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Chiriku aliweka kijiko chini. Mama akamtazama, baba akatania kwamba siku Chiriku akinyamaza mezani, majirani watakuja kuuliza kuna msiba gani.

Usiku ule, na Jumamosi asubuhi, alijaribu kujiambia kwamba jiwe ni jiwe. Kama la nne lilikuwa na nguvu, la saba limetofautiana nini nalo, na yote yametoka katika kilima kimoja? Alimkuta baba uani akisugua viatu vyake vya kazi. Akamuuliza, kwa sauti aliyoitengeneza iwe ya kawaida, nguzo huvunjikaje.

Baba alipenda maswali ya namna hiyo. Alimtuma alete madaftari yake. Akayapanga kumi, moja juu ya jingine, akaweka tofali juu yake, kisha akasimama juu ya tofali kwa mguu mmoja. Madaftari hayakujali.

"Mwamba wa kilima chetu ni hivi," alisema. "Umejipanga tabaka tabaka. Mzigo ukitoka juu na matabaka yamelala, yanabanana tu, yanazidi kushikana. Lakini tazama sasa."

Akayashika madaftari yale yale, akayaegemeza mshazari ukutani, akayakandamiza kutoka juu kwa kiganja tu. Yakateleza, moja likimtoroka mwenzake, yakatawanyika uani.

"Umeona? Sikutumia hata nguvu. Matabaka yakiinama, jiwe halisubiri kupondwa. Linateleza penye udhaifu wake. Na kama kati ya tabaka na tabaka kuna udongo laini, ndiyo balaa kabisa."

Chiriku aliokota madaftari moja moja. Aliuliza kama kuna dalili. Baba akasema mwamba ni muungwana, haumwangukii mtu bila salamu. Kwanza hutoa milio midogo, kama bisi zinazoanza kupasuka kwenye sufuria. Kisha hutema vibanzi ubavuni. Kisha nyufa hujitokeza, na hapo mwenye miguu aitumie.

"Na kama mama amekosea kupima?"

Baba alicheka. "Mama yako? Kama nisingemwamini mama yako, leo ningekuwa nauza ndizi sokoni."

Tangu hapo hofu ilihamia kwa Chiriku kama mpangaji asiyetaka kutoka. Kila kilichogonga kilimshtua: kifuniko cha sufuria, mlango wa jirani, mbuzi juu ya bati. Mkoba wake aliuweka chini ya kitanda, kisha akauona uko karibu mno, akauhamishia nyuma ya mlango, akauona uko wazi mno. Jumapili jioni alimfuata mama aliyekuwa akipiga pasi. Akaita, "Mama." Mama akaitika bila kuinua macho. Chiriku akaanza kukunja shati lililokwisha pigwa pasi. Mama akasema kama ni kalamu mpya asubiri mwisho wa mwezi, na Chiriku akasema ndiyo, ni kalamu.

Jumatatu baba aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Chiriku alisimama dirishani akamwangalia mpaka alipokata kona, na bado akaendelea kuiangalia ile kona.

Wakati wa mapumziko hakutoka darasani. Rafiki yake Mapengo, msichana aliyekosa meno mawili ya mbele tangu alipoanguka na baiskeli, alikuja akakaa juu ya dawati. Alikuwa na furaha. Kaka yake aliingia kwenye kikundi cha baba yake Chiriku mwezi uliopita, na leo ni mara yake ya kwanza kukata nguzo. Mapengo alikuwa bado anaeleza alipoona machozi yanadondoka juu ya dawati.

Chiriku akamweleza yote. Alieleza chini chini, haraka, kama mtu anayetapika. Akafungua mkoba akamwonyesha yale mapande mawili.

Mapengo hakuyagusa. Aliyatazama, kisha akamtazama rafiki yake.

"Kaka yangu yuko kule," alisema.

"Najua."

"Baba yako yuko kule."

"Najua, Mapengo."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kumuuliza swali hilo kwa namna ile. Halikuwa na hasira. Mapengo aliuliza kwa sababu kweli hakuelewa. Chiriku akainuka, akaenda kwa mwalimu wa zamu kuomba ruhusa. Alisema ni jambo la hatari la kazini kwa mama. Mwalimu alimtazama uso, akawaambia waende wote wawili, tena mbio.

Mama alikuwa akiosha msumeno. Chiriku hakusalimu wala hakutafuta namna ya kuanza. Aliyaweka mapande mawili mezani.

"Hii ndiyo sampuli ya saba, mama. Niliiangusha Alhamisi. Ile uliyoibana nilikuwekea mimi. Ni ya nguzo ya nne."

Mama alifuta mikono. Alichukua pande moja, akapitisha kidole kwenye uso ule laini, akaligeuza, akaona jinsi mistari ilivyoinama. Chiriku alisubiri kofi, au kelele. Hakikuja chochote. Rangi ilimtoka mama usoni, na jambo hilo lilimtisha mtoto kuliko kofi.

Mama alinyanyua simu ya mezani. Chini ya kilima hakuna simu inayoshika, kwa hiyo ilibidi apige lango la machimbo, mlinzi apige king'ora. Simu ya lango iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Akampigia Mhandisi, akasema kwa maneno machache sana: majibu ya nguzo ya saba si ya kweli, matabaka yake yameinama na yana udongo, watu watolewe. Dakika chache baadaye gari la Mhandisi lilikuwa nje na mlango wake wa mbele wazi. Mama aliwasukuma wasichana wote wawili kiti cha nyuma, akapanda. Mhandisi aliendesha kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alikuwa bado anapiga simu ya lango.

Walipokaribia machimbo walisikia king'ora. Mlinzi alikuwa amepokea hatimaye. Mdomo wa machimbo ulikuwa mlango mpana uliokatwa ubavuni mwa kilima, na ndani yake giza. Mapengo alishika mkono wa Chiriku kwa nguvu mpaka vidole vikamfa ganzi. Watu wakaanza kutoka, wawili wawili, wakiuliza kuna nini, wengine wakinung'unika kwamba chai ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa. Vikundi vilihesabiwa. Kikundi cha chumba cha tatu kilitoka mwisho. Mmoja, wawili, watatu. Wa nne alikuwa kaka yake Mapengo, na Mapengo aliuachia mkono wa Chiriku akakimbia. Wa tano akatoka. Baada yake hakutoka mtu.

Chiriku alitazama lile giza. Alisikia king'ora, alimsikia mama akipumua, na kati ya hivyo hakuna hatua za mtu. Hakujua alisimama hapo kwa muda gani. Baadaye aliambiwa haikufika dakika tatu.

Baba alitoka akitembea, si akikimbia. Alikuwa amebaki nyuma kuhakikisha hakuna mtu aliyesahaulika kwenye vyumba vya pembeni. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi. Mama alipomweleza, alikaa chini juu ya tofali, akavua kofia ngumu.

"Imekuwa ikilia tangu asubuhi," alisema. "Ta, ta, ta. Ikatema hata vibanzi. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikajiambia, karatasi imesema kumi na nane."

Nguzo haikuanguka siku ile. Wala Jumanne. Machimbo yalifungwa, watu wakakaa nyumbani bila kazi, na maneno yakaanza. Dukani Chiriku alimsikia mtu akisema kwamba siku hizi kilima kinaongozwa na watoto wa shule. Alirudi bila kununua alichotumwa. Sasa alikuwa na hofu mbili zinazogombana: nguzo ikianguka ni balaa, isipoanguka yeye ni mwongo mara ya pili.

Jumanne hiyo Mhandisi alimwita maabara pamoja na wazazi wake. Kilikuwa kimepatikana kisiki kifupi cha kipande cha saba, mabaki ya msumeno, na ingawa hakikutosha kwa kipimo kamili, kilitosha kuonyesha tabia. Mama alikiweka kwenye mashine, akafunga kioo. Mara hii alimwita Chiriku asimame mbele aone. Sindano ikapanda. Tani moja. Mbili. Ilipovuka tatu hakukuwa na mlio wa mlango. Jiwe liliteleza tu, nusu yake ya juu ikashuka juu ya nusu ya chini, kimya kimya, na vumbi jeusi kidogo likamwagika. Baba, aliyekuwa amesimama nyuma na mikono mfukoni, alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Jumatano saa nne asubuhi, darasani, madirisha yalitetemeka na chaki zikaanguka kutoka kwenye ubao. Mngurumo ulikuja kutoka chini, kupitia sakafu, na ulichukua muda mrefu kuisha. Kutoka dirishani waliuona mnara wa vumbi ukipanda juu ya kilima. Nguzo ya saba ilikuwa imeteleza, na paa la chumba cha tatu na nusu ya chumba cha pili likaifuata. Ndani hapakuwa na mtu hata mmoja. Mapengo aliyekaa nyuma ya Chiriku aliegemeza kichwa mgongoni mwa rafiki yake, akabaki hivyo mpaka mwalimu aliporudi kuwaambia watulie.

Ijumaa mama alikuja nyumbani na bahasha. Alimketisha Chiriku mezani, baba akiwepo, akampa aisome kwa sauti. Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba mpimaji alitia sahihi majibu bila kukagua sampuli kwa makini, kwamba aliacha meza bila mtu, na kwamba kosa la pili litamwondoa kazini. Chiriku alisoma mpaka katikati akashindwa. Alisema kosa ni lake, atakwenda kumwambia Mhandisi.

"Malizia kusoma," mama alisema. Alipomaliza, mama akaikunja barua. "Yaliyoandikwa humo ni kweli. Matabaka ya la saba, nililolikata mwenyewe, yaliinama, na ya lile la nne yalikuwa yamelala; macho yangu yaliona, na mkono wangu ukaandika kwa sababu nilikuwa na haraka. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Sasa sikiliza la kwako. Kuangusha jiwe ilikuwa ajali. Ungeniita, ningekugombeza, Mhandisi angekasirika, tungetoboa upya, basi. Kufuta namba hakukuwa ajali. Pale uliamua. Na kila siku uliyonyamaza, uliamua tena."

Chiriku aliinamisha kichwa. Aliuliza kwa nini basi hawakumpiga.

Baba ndiye aliyejibu. "Kwa sababu Jumatatu uliamua vingine, na ulipoamua ulikuwa unaogopa. Mimi nina miaka kumi na tisa chini ya kile kilima, na siku ile nilisikia mwamba unaniambia toka, nikaogopa kuonekana mwoga mbele ya vijana. Nikabaki. Wewe uliogopa zaidi yangu na ukasema."

Mama akaitia barua ndani ya bahasha yake.

"Ukweli una gharama, mwanangu," alisema. "Yangu ni barua hii. Yako ni aibu, na itakukaa kwa muda. Lakini gharama hizi tunaweza kuzilipa. Ile nyingine, ya watu sita, ungeilipa na nini?"

Mama hakungoja jibu. Alisogeza kiti karibu, akamvuta binti yake kifuani, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, Chiriku akaanza kusimulia bila kukoma.